Mstari wa Hodi katika Nyumba ya Gombani

Mstari wa penseli uliomo katika mchoro wa nyumba ya Bi Mize, pale Gombani, niliuchora mimi. Ninalisema hili mwanzo kabisa ili asitokee mtu wa kunitetea mahali nisipohitaji kutetewa. Aliyeupitishia wino mstari huo si mimi. Aliyegonga muhuri wa nakala sahihi juu ya wino huo si mimi. Na aliyeandika barua ya kudai kwamba kosa lote ni la “afisa aliyekwisha kustaafu” yumo ofisini hadi leo, na ofisi inamjua, kwa sababu barua za serikali hazijiandiki. Nitayaeleza yote kwa utaratibu wake, kwa ajili yenu wenzangu vijana mnaoshika kazi sasa. Nakiri pia kwamba ninapoandika moyo unanidunda kama wa mtu aliyetoka kukimbia, maana sikutarajia kwamba shauri la kusisimua kuliko yote katika maisha yangu ya kazi lingenifikia nikiwa nimeshakabidhi funguo za kabati.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Vimo katika jalada langu la utumishi, na anayevitaka aende masjala, akiweza kulipata jalada.

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya upimaji wa nyumba nilipewa kiti bila ya meza. Nilikaa ukutani, mkoba mapajani, mpaka alipoingia Mzee Shaame, mpimaji mkongwe kuliko wote, mtu mwembamba aliyechomeka penseli pembeni mwa kofia yake kama vile wengine wanavyochomeka asumini.

“Shikamoo, Mzee Shaame,” nikamwambia, kwani nilikwisha kutajiwa jina lake mlangoni.

“Marahaba, mwanangu. Weye ndiye Hadia? Unaogopa popo?”

“Siogopi.”

“Wote husema hivyo. Tutaona darini.”

Popo niliwaogopa sana, na bado ninawaogopa, lakini siku hiyo nilipanda dari tatu. Kazi yetu ilikuwa kupima nyumba za watu pale zinapouzwa, zinaporithiwa au zinapoandikishwa, na kuchora mchoro wa kila nyumba ukaingia katika jalada lake. Vifaa vyetu vilikuwa tepu, ubao wa kuandikia, penseli na kalamu ya wino. Tepu ya kwanza niliyoshika ilikuwa imekatika ncha, hivyo tulianzia kwenye sentimita kumi na kutoa kumi katika kila kipimo. Yuko mwenzetu mmoja aliyekuwa akisahau kutoa. Nyumba zote alizozipima yeye ni kubwa kidogo kuliko zilivyo, na wenyewe hawajawahi kulalamika.

Niliajiriwa kwa sababu moja ambayo hakuna barua iliyoitaja. Wapimaji wote walikuwa wanaume, na nyumba zetu zina vyumba ambavyo mwanamume wa kigeni haingii. Mjane akiwa ndani ya eda, mtalaka anayekaa peke yake, mke asiye na mumewe nyumbani: mpimaji alisimama uani na kuuliza kwa sauti, “Bi fulani, chumba chako kinaingia vitanda vingapi?” Jibu likaandikwa. Niliyakuta majalada ambamo vyumba vimepimwa kwa vitanda, na katika jalada moja la Pujini chumba kimeandikwa “vitanda viwili na kabati, mlango ukifungwa.” Mimi ndiye niliyetumwa kuvipima vyumba hivyo upya. Sijui kama kijana wa leo ataelewa furaha yake. Nilikuwa naingia mahali ambapo serikali haijawahi kufika, nikatoka na urefu na upana.

Mzee Shaame ndiye aliyenifundisha mstari wa hodi. Katika mchoro, kuta, milango na madirisha vilichorwa kwa wino. Kisha, pale ambapo katika nyumba ile mwanamume hapaswi kupita bila ya kupiga hodi na kuitikiwa, Mzee alichora kwa penseli mstari wa vipande vipande. Afisa yeyote atakayetumwa baadaye na jalada lile mkononi atajua asimame wapi.

“Wino ni wa ukuta,” aliniambia. “Penseli ni ya watu. Mjane atamaliza eda, mtalaka ataolewa, na weye utakuja na ufutio ufute. Ukuta haufutiki, ndiyo maana tunautilia wino.”

Hatukuandika maelezo yoyote chini ya mchoro kuufafanua mstari huo. Ofisi nzima ilikuwa watu tisa, na wote tisa walijua. Niliendelea kuuchora vivyo hivyo baada ya Mzee Shaame kustaafu na baada ya kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na niliwafundisha waliokuja baadaye kwa mdomo, kama nilivyofundishwa. Hapo ndipo lilipo kosa langu. Naliandika kwa herufi kamili ili lisiongezwe wala lisipunguzwe: niliweka alama ya ofisi bila ya kuiwekea maelezo ya ofisi.

Sasa nifike Gombani.

Bi Mize ni fundi cherehani, anashona nguo za harusi, na katika Chake Chake yote hakuna anayeweza kumharakisha. Bwana Faki, aliyekuwa mumewe, ni seremala mwenye asili ya Makangale. Nyumba waliijenga pamoja kwa miaka mingi. Yeye alipiga paa na milango. Bi Mize alileta mawe, saruji na chakula cha mafundi. Walipoachana hawakurushiana vyungu. Eda ilipokwisha walikuja ofisini pamoja, wakakaa benchi moja na nafasi ya mtu mmoja katikati, wakataka nyumba iandikishwe nusu kwa nusu. Ilikuwa miaka mitatu kabla sijastaafu.

Nilikwenda kupima siku ambayo kulikuwa na mpira uwanjani, na kila baada ya dakika chache kelele zilipanda, tukawa tunangoja zishuke ndipo nitaje kipimo. Bwana Faki alinishikia ncha ya tepu.

“Vuta, Bwana Faki, isilegee.”

“Hajazoea kuvuta huyo, Bi Hadia,” akasema Bi Mize kutoka kwenye cherehani. “Miaka kumi na saba nimevuta mie.”

“Andika na hayo, Bi Hadia,” akajibu Bwana Faki. “Andika, ukumbi upana wake mita nne, na mdomo wa Mize haukupimika, tepu imekwisha.”

“Tepu ya serikali ni fupi, si kosa langu,” akasema Bi Mize.

Walikwisha kukubaliana kwamba Bwana Faki ataweka mbao na vifaa vyake katika vyumba viwili vya mbele, na kulala humo anapokuja mjini. Bi Mize atabaki na vyumba vya nyuma. Ukumbi, jiko, kisima na choo ni vya wote. Sasa Bi Mize alikuwa mtalaka, na nyumba ile angeweza kuingia afisa yeyote. Nikachora mstari wa hodi, kwa penseli, ukikata ukumbi kutoka nguzo ya mlango, kupitia jikoni, hadi kisimani. Nikafunga jalada, nikanywa chai yao, nikaondoka.

Nilipostaafu ofisi ilianza kuingiza michoro katika kompyuta. Jambo jema, na nililitaka mimi mwenyewe kwa barua mbili. Ila penseli ilikuwa haionekani vizuri katika picha za mashine ile, na mtu fulani aliamua kwamba kila kilichochorwa kwa penseli kipitishiwe wino kwanza. Hakuniuliza. Ninakaa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka pale, na nina simu.

Bi Mize alikuja kwangu asubuhi moja, kikanga kimekaa upande, sindano yenye uzi bado imechomekwa kifuani. Hakukaa.

“Bi Hadia, shikamoo. Mstari huu wako?”

Alinyoosha nakala ya mchoro. Mstari wangu ulikuwa mweusi, mnene, umenyooshwa kwa rula, na vile vipande vipande vyangu vimeunganishwa vikawa mstari mmoja. Pembeni umo muhuri.

“Ulikuwa wangu,” nikamwambia. “Umepata wapi huu?”

Akanieleza. Bwana Faki alikuwa akijenga kwao Makangale, na mfanyabiashara mmoja wa saruji na mabati alimtaka nusu yake ya nyumba ya Gombani aifanye ghala. Bwana Faki akakubali. Habari ilimfikia Bi Mize akiwa anampima mteja kifua. Akasimama pale pale, mbele ya mteja na mama wa mteja, akasema kwa sauti: “Shuhudieni nyote wawili, mie nadai shufaa yangu.”

Kwa asiyejua: shufaa ni haki ya mshirika. Watu wawili wakishirikiana nyumba ambayo haijagawanywa, na mmoja akataka kuuza fungu lake kwa mtu wa nje, mshirika ana haki ya kulichukua fungu lile yeye kwa bei ile ile na masharti yale yale, mradi adai mara tu anaposikia. Bi Mize alidai kabla hata ya kuitoa tepu kifuani kwa mteja. Nilipolisikia hilo nilipata hamu ya kumpigia makofi.

“Basi una haki yako, Bi Mize.”

“Hilo ndilo nililokwenda kumwambia yule bwana. Naye akanitolea karatasi hii. Ananiambia, nyumba ilishagawanywa, tazama mstari. Yeye ananunua nyumba ya mbele, mie nina nyumba ya nyuma. Ananiita jirani, Bi Hadia. Jirani hana shufaa.”

Ndipo akakaa. Nilimtazama mwanamke yule ambaye kila ukuta wa nyumba ile aliulisha kwa sufuria zake, na ambaye sasa angeamka kila siku na wapakiaji wa saruji wa mtu mwingine ukumbini mwake, kwa sababu miaka kadhaa nyuma mimi nilimstahi.

“Mteja wako umemwacha wapi?” nikamuuliza.

“Nimemwacha na pini mabegani. Harusi Ijumaa.”

“Rudi ukamalize. Mimi nakwenda ofisini.”

Nilivaa viatu nilivyovivaa kazini, ambavyo nilidhani nimeviaga. Njia nzima nilihisi wepesi ambao sikuuhisi kwa miaka. Kijana wa kaunta alinipokea kwa adabu. Hilo nalisema kwa haki yake.

“Karibu, Bi Hadia. Sisi tunafuata mchoro tu,” akasema alipoiona nakala mkononi mwangu.

“Mchoro nimeuchora mimi.”

“Ndiyo maana tunaufuata, Bi.”

“Ninakwambia kwamba mstari huu si mgao. Ni mstari wa hodi.”

“Huo haumo katika mwongozo.”

“Mwongozo umeandikwa baada yangu.”

“Basi leta barua, Bi Hadia.”

Nilipeleka barua siku ile ile, kurasa mbili, nakala tatu. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, aya moja, likisema kwamba mchoro ni sahihi kama ulivyo, na “iwapo kuna kosa, ni la afisa aliyekwisha kustaafu.” Watu wa ofisi moja, tena wanaonijua, hawakuweza kuandika jina langu. Nilikuwa nimesimama nilipoisoma, na nikaisoma tena nimesimama. Kisha nikaenda Gombani kumwambia Bi Mize alifikishe shauri mbele ya hakimu wa ardhi na anitaje mimi kuwa shahidi. Alifanya hivyo siku iliyofuata.

Hakimu alikuwa kijana, makini, asiyeinua sauti. Aliamua kuja kuiona nyumba kwa macho yake. Tulikusanyika ukumbini: hakimu na karani wake, mfanyabiashara wa saruji, Bwana Faki aliyeitwa kutoka Makangale, Bi Mize, na mimi nikiwa na tepu yangu mwenyewe, nzima, yenye ncha. Niliomba ruhusa, nikauhamisha mstari ule wa karatasi kwenda sakafuni kwa chaki, kwa vipimo vyake halisi. Ulipita katikati ya ukumbi pasipo na ukuta, ukaukata mlango wa jiko katikati, ukaishia ukingoni mwa kisima.

“Mheshimiwa,” nikasema, “mgao gani huu unaompa kila mshirika nusu ya mlango?”

Hakimu akamgeukia mfanyabiashara. “Ukinunua, utapita upande gani kwenda jikoni?”

“Sipiki mimi, Mheshimiwa. Nitaweka saruji.”

“Na chooni?” akauliza Bi Mize. “Au saruji inakukausha?”

Karani aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika. Lakini yule mfanyabiashara hakuwa mjinga. Alisema kwamba watu hugawana kwenye karatasi kwanza, ukuta hujengwa baadaye, na milango hutobolewa. Kisha akamwuliza Bwana Faki mbele ya hakimu:

“Ukitoka chumba chako kwenda nyuma, huwa unapiga hodi, hupigi?”

“Napiga.”

“Mtu hupiga hodi kwake?”

“Weye humjui Mize,” akasema Bwana Faki. “Nisipopiga hurushiwa mkasi.”

“Jibu swali,” akasema hakimu, japo mdomo wake ulikuwa karibu kucheka.

“Mheshimiwa, mie nilipiga hodi chumbani kwa mama yangu mpaka anafariki, na nyumba ilikuwa yetu sote. Si kwamba si kwangu. Yeye si mke wangu tena, siwezi kuingia kwake hivi hivi.”

Nikamwona Bi Mize akitazama sakafu. Hakimu aliandika, akafunga kitabu chake.

“Nimewasikia. Lakini mstari umo katika hati yenye muhuri, na ofisi inasema hati ni sahihi. Bi Hadia, unaniambia maana ya mstari kwa mdomo. Nipe kitu nje ya mdomo wako kinachonionesha kwamba mstari huu hauwezi kuwa mgao.”

Niliomba dakika moja. Nilisimama katikati ya chaki yangu na kuzipitia kichwani nyumba zote nilizoingia: za walioachana, za wake wenza, za ndugu. Zote zilikuwa na watu wawili au zaidi, na kila moja yule bwana angeweza kusema imegawanywa. Kisha ikanijia nyumba moja ya Makangale, karibu na msitu. Mwenyewe ni Bi Asha. Niliipima akiwa ndani ya eda. Nyumba aliijenga kwa mikono yake kabla ya kuolewa, hana mshirika, hana mtoto ndani, na mumewe marehemu hakuwa na hata tofali moja. Na nilimchorea mstari wa hodi.

“Mheshimiwa,” nikasema, na sauti yangu haikuwa ya mstaafu, “naomba mahakama iagize jalada la nyumba ya Bi Asha wa Makangale.”

Nilitaja na namba yake. Namba za majalada ninazikumbuka kuliko namba za simu za wanangu, na wanangu wameshalilalamikia hilo.

Jalada lilichukua siku nane kufika. Katika siku hizo nane nilifagia ua ambao ulikuwa safi. Siku ya tisa tulikaa mahakamani, karani akalifungua, akautoa mchoro, akauweka mezani. Mstari ulikuwepo. Nao pia umepitishiwa wino, kwa rula ile ile, mweusi na mnene.

“Mwenye nyumba ni nani?” akauliza hakimu.

Karani akasoma: “Bi Asha, peke yake.”

“Mshirika?”

“Hapana mshirika, Mheshimiwa.”

Hakimu akamgeuzia mfanyabiashara ile karatasi. “Bi Asha amegawana nyumba yake na nani?”

Yule bwana aliigeuza karatasi akatazama na nyuma yake.

“Labda na paka wake,” akasema Bwana Faki kutoka benchi la nyuma, naye akaambiwa anyamaze.

Hakimu aliamua pale pale. Nyumba ya Gombani haijagawanywa. Ni ya washirika wawili. Bi Mize alidai shufaa yake bila ya kuchelewa na mbele ya mashahidi. Basi ana haki ya kulichukua fungu la Bwana Faki kwa bei aliyoitoa mfanyabiashara, akapewa muda wa kutimiza. Mfanyabiashara, nimpe haki yake, aliinuka akampungia Bi Mize mkono wa heri kwa mbali, akaondoka. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikaikunja tepu yangu.

Nje, Bi Mize alimsimamisha Bwana Faki.

“Mbona hukuja kwangu kwanza?”

“Nilidhani hutaki kitu chenye mkono wangu.”

“Paa zima lina mkono wako. Nimelala chini yake miaka yote. Hukuniuliza tu.”

Bwana Faki alivua kofia, akaivaa tena. “Basi nimekosa, Mize.”

“Umekosa. Na bei ni ile ile, usije ukaongeza kwa ajili ya kuomba radhi.”

Bi Mize alitimiza kabla ya muda wake kwisha. Fedha amezipata vipi ni mambo yake. Mimi naeleza nyumba. Aliniomba niipime upya, na ofisi ilipokawia kutuma mtu, hakimu aliruhusu vipimo vyangu vitumike. Sijawahi kupima kwa furaha namna ile. Kila ukuta niliutilia wino. Chini ya mchoro niliandika maelezo, mistari sita, ya kila alama niliyoitumia, hata alama ya dirisha, ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuikosea.

Kutia saini kulifanyika ukumbini pale pale, mbele ya Sheha wa mtaa na mashahidi. Bwana Faki alisoma hati yote, neno kwa neno, akisogeza kidole. Alitia saini, akauweka ufunguo wa mlango wa mbele juu ya cherehani, akatuaga mmoja mmoja. Alifika nje ndipo akaikumbuka kofia yake juu ya meza, akageuka kuingia.

“Hodi kwanza,” akasema Bi Mize, hata hakuinua macho kwenye kitambaa.

Akasimama kizingitini. “Hodi.”

“Hodi ya nani?”

“Ya Faki.”

“Karibu. Chukua kofia yako, na mlango wa uani unasugua sakafu, utakapokuja tena mjini uilete randa yako.”

“Kwa malipo?”

“Kwa chai.”

Bi Mize sasa anashona katika chumba cha mbele kinachotazama barabara, ambacho kina mwanga bora. Nilipita juzi nikamkuta ameweka vitambaa vya harusi tatu, na ananiambia wateja wamezidi kwa sababu wanamwona dirishani. Shauri lake limekwisha, na limekwisha vizuri. Ningeweza kuishia hapa na kuwatakia heri.

Lakini lile jalada la Makangale halikupaswa kuwa na wino. Hakuna aliyeliomba, hakuna aliyeliuza, hakuna mgogoro juu yake. Lilipitishiwa wino kwa sababu lilikuwa na penseli, basi. Nilikwenda ofisini kuuliza ni majalada mangapi yaliyotendewa hivyo. Nilijibiwa kwamba haijulikani. Nikauliza nani aliagiza. Haikumbukwi. Nikaonyeshwa jalada la Bi Mize lililosahihishwa, na ndani yake maneno mapya: “kufuatia kosa la afisa aliyestaafu.” Kwa miaka yangu yote ya kazi niliingia katika nyumba za wajane, watalaka na wake wenza wa kisiwa hiki kutoka Makangale hadi kusini, na katika kila nyumba ya namna hiyo niliacha mstari mwepesi wa kuwastahi. Sasa sijui ni mingapi kati ya hiyo imekuwa kuta. Wenyewe pia hawajui. Wamelala ndani ya nyumba zilizokatwa kwenye karatasi, na watakuja kuambiwa siku watakayosimama kudai haki yao, kama alivyoambiwa Bi Mize. Yeye alikuwa na hakimu msikivu, na alinikuta mimi ningali hai na kichwa kikiwa timamu. Hayo mawili hayamo katika mwongozo wowote.

Kwa hiyo, kwa Mkuu wa ofisi niliyoitumikia, naandika rasmi. Kosa la kuacha mstari bila ya maelezo ni langu, na nimelikiri katika maandishi haya. Nadai kuelezwa kwa maandishi ni nani aliyeagiza mistari ya penseli ipitishiwe wino, ni nani aliyeithibitisha michoro hiyo kuwa nakala sahihi bila ya kwenda kuziona nyumba, na ni nani aliyeandika mara mbili kwamba kosa ni la mtu mmoja asiyetajwa jina. Nadai maneno hayo yafutwe katika jalada la Bi Mize na badala yake yaandikwe majina ya wote waliohusika, langu likiwa la kwanza. Nadai kila jalada lenye mstari huo lifunguliwe, nyumba yake ikaguliwe na afisa mwanamke, na mwenye nyumba aelezwe kwake, ana kwa ana, nini kiliandikwa juu ya nyumba yake na lini. Niko tayari kuonyesha kila mlango bila ya malipo. Jibu nalisubiri ndani ya siku thelathini tangu kupokewa kwa barua hii, likiwa na jina, cheo na saini ya mtu aliye hai na aliye kazini.